Upatu wa Mjomba Dusik

Sangol, 20 Januari

Mpwa wangu Seryong,

Vipi baridi ya Gwangju? Huku wazima, mama yako pia, ila magoti. Mimi ndiye ninayekishikilia kijiji hiki: nisipopiga upatu wa shaba nyumba kwa nyumba, sikukuu ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka wa mwandamo, shetani hatoki jikoni kwa mtu. Mwaka jana nilipiga hadi barafu ya mto ikapasuka.

Sasa huyu Cholgu, mpiga ngoma wangu, kapata jongo la kidole gumba cha mguu. Kijiji kizima kinampelekea uji wa maboga! "Pole Cholgu, pole Cholgu." Na upatu wangu anautazama kama paka atazamavyo samaki. Mimi vidole vimenivimba tangu mavuno, nani kaleta hata kijiko? Nimewaachia nyuki wanichome mikononi, dawa ya wazee. Nyuki ndio waliougua.

Mjomba wako, Dusik

Gwangju, 25 Januari

Shikamoo mjomba,

Huko mnaita yote baridi yabisi, lakini si moja. Mama gegedu la magoti limesagika kwa kuchuchumaa shamba la pilipili. Jongo la Cholgu ni asidi inayoganda chembechembe kwenye kiungo. Yako naogopa ni nyingine: kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili wenyewe. Je, ni mikono yote miwili? Asubuhi inakakamaa zaidi ya saa nzima? Basi njoo upesi hospitalini ninakofanya kazi. Dawa ikichelewa vidole hupinda, havinyooki tena.

Mpwa wako, Seryong

Sangol, 29 Januari

Mpwa wangu,

Afya ipo, na furaha juu! Kumbe ugonjwa wangu ni mkubwa kuliko wa Cholgu. Nilimwambia sokoni, "Wewe una asidi tu, bwana. Mimi nina vita mwilini."

"Basi nenda hospitali," akanijibu, "upatu niachie."

Unamsikia? Akiushika mara moja hauachii. Nitakuja sikukuu ikipita. Ndiyo, yote miwili. Hadi mchana.

Mjomba wako

Gwangju, 1 Februari

Mjomba wangu,

Natumaini umeamka salama. Upatu huazimwa, vidole haviazimwi. Nimekuwekea nafasi Jumatatu. Nitakungoja stendi.

Seryong

Sangol, 14 Februari

Mpwa wangu Seryong,

Pole kwa kungoja stendi bure. Kesho nakuja, kweli.

Utasikia kwamba nilimkabidhi Cholgu upatu kwa ukarimu, katikati ya sikukuu, mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Hivyo ndivyo nilivyowaambia. Akapiga huku anachechemea, na mwenye nyumba akatoka kucheza hadi kiatu kikamruka. Nikipiga mimi hajawahi kucheza. Iliniuma kuliko vidole.

Usimwambie mama yako: haukuwa ukarimu. Nilibanwa na mkojo, vidole vikashindwa kufungua fundo la kamba ya suruali, nikamtupia upatu nikimbilie nyuma ya nyumba nihangaike na fundo kwa meno.

Nilichelewa.

Mjomba wako, Dusik