Sahani ya Bati na Kindi wa Kirumba

Musoma, 4 Juni 1961

Mdogo wangu Yunus,

Salamu nyingi baada ya kukujulia hali. Kifua kimepoa? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Salum anashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu, na watoto wamekwisha kuyazoea maji ya huku.

Tangu tumalize arobaini ya mama nikarudi kwa mume wangu, kila nikisikia ndege asubuhi nakumbuka uani kwetu Kirumba. Nilikuachia kazi moja tu. Ukishaswali alfajiri, gonga sahani ya bati kwa kijiko kama mama alivyokuwa akigonga, umwage mtama wa njiwa na chiriku. Ni sadaka yake, isikatike. Na wale kindi wawili, Karani na Mama Mkia, wakija kudoea usiwafukuze. Mama mwenyewe aliwarushia ndara mwaka mzima, mwisho akasema mgeni asiyefukuzika mpe kigoda. Niandikie habari zao zote, usinifanyie uchoyo wa wino.

Dada yako,
Mwaija

Mwanza, 25 Juni 1961

Dada yangu Mwaija,

Shikamoo. Barua yako imenikuta karakana, nimeisoma randa ikiwa mkononi. Kifua hakijambo, namshukuru Mungu.

Kindi wako hawana adabu hata kidogo. Karani hukaa wima ukingoni mwa kibuyu cha mtama, kashika punje kwa mikono miwili kama karani wa boma aliyeletewa chai, na njiwa wote wanamsubiri amalize. Jana ndege mmoja, mnana, alimdonoa mkia. Akaanguka chali, akainuka akajipangusa uso kama hakuna kilichotokea. Kija alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu Kija ni binti wa Mzee Luhaga, yule Msukuma aliyehamia nyumba ya nyuma. Nikigonga sahani huja kutazama. Usiniulize zaidi, bado mapema.

Tatizo ni baba yake. Mzee kaanika karanga zake za mbegu, na kindi wanazibeba. Juzi alinisimamisha njiani: "Wewe kijana, mimi nalima, wewe unafuga wezi. Tutaelewana namna gani?"

Mdogo wako,
Yunus

Musoma, 9 Julai 1961

Mdogo wangu Yunus,

Salamu sana. Sisi wazima, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Barua yako nimewasomea majirani wote, na sasa kila mmoja ananiuliza Karani hajambo. Na huyo Kija naye hajambo? Eti nisiulize! Umependa, mwanaume, sema.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe ni seremala. Mtengenezee Mzee Luhaga kichanja chenye wavu aanikie karanga zake, mambo yataisha. Mtego hapana. Wale wanyama wakisikia sahani hawatazami nyuma wala pembeni, kwa sababu mama aliwafundisha kutuamini. Atakayewatega amenitega mimi. Niahidi, Yunus.

Dada yako,
Mwaija

Mwanza, 3 Septemba 1961

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinizidi.

Nakuahidi, na ahadi nimekwisha kuitimiza. Kichanja nimekitengeneza, Mzee Luhaga amepoa kabisa. Mama Mkia amezaa juu ya dari. Watoto ni wawili, uchi kama vidole, na Karani siku hizi anakula kwa haraka kama mtu mwenye majukumu. Wasomee majirani.

Na jambo kubwa: mzee amekubali tupeleke posa. Dada, mama hayupo. Nani atakayekaa mkekani kuniombea mke kama si wewe? Njoo na meli ya mwisho wa mwezi. Bila wewe siwezi kuoa.

Mdogo wako,
Yunus

Musoma, 8 Oktoba 1961

Yunus,

Salamu. Nimerudi salama, na heri imeishia hapo.

Nilifika Kirumba ukiwa karakana. Hata kanga ya safari sijaivua, nikachukua sahani nikagonga. Njiwa walikuwa juu ya paa. Waliposikia mlio waliruka wote, wakakimbilia mlimani. Nilidhani wamenisahau. Nikagonga tena, nikaita Karani, nikaita Mama Mkia, peke yangu uani kama mwendawazimu.

Mzee Luhaga akatokea nyumbani kwake, anatabasamu. "Karibu, binti. Mdogo wako ni mtu wa maana sana. Yeye alikuwa anagonga sahani, wanakuja wenyewe, na mimi niko nyuma ya banda na fimbo. Wala mtego hatukununua." Nikamuuliza lini. "Mwezi wa saba, Kija alipokwenda Bujora kwa bibi yake. Lakini usimwambie, atanililia."

Kichanja hakipo. Hakikuwahi kuwapo.

Kisha Kija mwenyewe akaja na uji wa mgeni. Anasema, "Dada, kindi walihama. Yunus anasema wamefuata matunda mlimani." Uji wake sikuumaliza. Doti ya posa ilikuwa kwenye kapu, nikaibeba nikarudi nayo bandarini kabla hujafunga kazi.

Umenisaliti, Yunus, na sina neno laini la kuweka mahali pa hilo. Ungewaua kwa mtego ningelia nikanyamaza. Umewaita kwa mkono wa mama. Halafu ukakaa chini ukaniandikia watoto wa mnyama aliyekwisha kuoza, nami nikawasomea watu, nikacheka.

Mwaija

Mwanza, 15 Desemba 1961

Dada yangu Mwaija,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, mbili hukuzijibu. Sijui kama mnaumwa au ni hasira tu. Mimi ni mzima wa mwili.

Uhuru tumeupata, Mwanza nzima imecheza ngoma, na mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Nimekosa, nimekiri. Lakini nipime kwa haki. Mzee aliniambia wazi: nichague binti yake au wezi wangu. Ningefanyaje? Ni kindi, dada. Hata mama aliwarushia ndara. Niliandika yale ya watoto ili usiumie, maana ulikuwa unafurahi. Nilidhani ndege watabaki, sadaka iendelee. Sasa namwaga mtama na unaota majani kwa hii mvua, hakuna anayeshuka.

Mzee Luhaga anauliza posa iko wapi. Nihurumie.

Mdogo wako,
Yunus

Musoma, 30 Desemba 1961

Yunus,

Salamu. Hatuumwi. Ni hasira tu, kama ulivyosema.

Mama aliwarushia ndara mbele ya macho yao, nao wakajua wakimbie. Usimtie mama katika jambo hili.

Nimelia, nimeswali, nimegombana na Salum anayesema nisimkoseshe mtu mke kwa ajili ya kindi. Basi nitakuja. Doti ninayo bado. Nitakaa mkekani mahali pa mama, nitakuombea kwa maneno mazuri kuliko unavyostahili. Ila nina sharti moja. Kabla sijapanda meli, mwambie Kija ukweli. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, akiwa amekuangalia usoni. Yule binti anaingia nyumbani kwako kwa imani, na mimi siwezi kwenda kumwita huku najua anachoitiwa. Akikusikia, akakukubali hivyo hivyo, nitapiga vigelegele mpaka wanisikie Bwiru.

Nangoja jibu lako.

Dada yako,
Mwaija

Mwanza, 21 Januari 1962

Dada yangu Mwaija,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo. Sisi hapa wazima.

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Usijisumbue na safari. Nilimwomba Bi Sihaba, mke wa imamu, akapeleka posa Ijumaa iliyopita, akapokelewa vizuri sana. Harusi itakuwa baada ya Ramadhani, inshallah.

Kija anakusalimu na anakuombea dua. Nimemwambia unaumwa.

Mdogo wako,
Yunus