Droo za Ndugu Luka

Mbeya, Jumanne, Juni 1974

Na mimi nilijiona bingwa wa mafaili!

Asubuhi aliletwa hapa hospitalini mama mmoja wa Usangu, uchungu umemshika na homa juu, hata kuongea hawezi. Dada yake alijua jambo moja tu: alipojifungua Iringa, sindano fulani nusura imuue. Sindano gani, hajui. Daktari akaniambia nilitafute faili lake la huko.

Nikapiga simu hospitali ya Iringa. Akapokea karani wao, Ndugu Luka, sauti ya kizee isiyo na haraka. Nikamtajia jina. Nikamsikia anavuta droo, ananisomea majina moja moja, anafunga, anahamia nyingine. Nikawa kama natembea naye kati ya makabati yake. Jina halipo. Mimi ningekata simu palepale.

"Kifungua mimba wake anaitwa nani?" akauliza.

Nikamgeukia dada mtu. "Tumaini," akasema.

"Basi ngoja. Akina mama wengi hujitaja kwa mtoto. Nina orodha yao pembeni."

Droo nyingine ikalia. Mama Tumaini. Asidungwe penisilini.

Ndiyo hiyohiyo nesi alikuwa ameshaiandaa.

Jioni amejifungua salama, mtoto wa kike. Ndugu Luka sijawahi kumwona, lakini leo nimemvulia kofia.

Ila mimi sijatulia. Wiki iliyopita nilimwambia mama mmoja wa Mbalizi kwamba faili lake halipo, aende tu nyumbani. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Sikumuuliza mtoto huyo anaitwa nani.