Kompyuta Nne Juu ya Kabati

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua unaisoma barua hii umekunja uso, lakini adabu kwanza: mgongo unaendeleaje? Na kile kitanda kibovu cha kambi ya ujenzi wa barabara, wamekubadilishia? Mimi ni mzima, kompyuta za zahanati ninazozitunza zinafanya kazi, na Mama hajambo kabisa. Yeye nitamfikia.

Agizo lako nimelipata: zile kompyuta zangu nne ndogo nilizoziacha nyumbani juu ya kabati nizizime hukuhuku niliko, kisha Mama azitupe, ukirudi likizo usiukute utitiri wa nyaya. Umesema mtu mzima mwenye kazi yake hachezi na vidude visivyo hata na kioo. Baba, nakuheshimu, ila kwa hili sikutii. Vidude hivyo ndivyo vilivyonifundisha kazi. Kila nilipotoka zahanati nilikuwa naviingia kwa mbali kwa laptop yangu, nikijaribu humo yale niliyoogopa kuyajaribu kwenye mashine za watu. Nikiharibu, nimeharibu changu.

Na niliharibu kweli. Mwezi wa tatu nilibadilisha kanuni za ukuta wa kinga, ule unaochuja nani aingie kwenye kompyuta, nikasahau kujiruhusu mwenyewe. Nikabonyeza, kimya. Nimejifungia nje, na nyumbani ni safari ya siku nzima. Nikampigia Mama. Akapanda kigoda na miwani yake puani, akaunganisha kompyuta moja na televisheni, akachomeka kibodi, nami nikamsomea amri herufi kwa herufi. Nilidhani tutahangaika hadi jioni. Dakika tano! Tena akalalamika kwamba nasoma polepole, namchelewesha.

Tangu hapo hakunipa nafasi ya kupumua, kila siku maswali. Sasa ametia kipimo kwenye tangi la maji, na kompyuta ya pili inamwambia yamebaki kiasi gani. Ulimsifu kwenye simu kwamba siku hizi tangi halikauki. Basi ulikuwa unavisifu vidude.

Sasa nikwambie ninalolificha. Agizo lako lilipofika niliogopa. Nilijua ukinipigia na kunikazia sauti nitavizima, maana sijawahi kukushinda kwa sauti. Kwa hiyo nilimwomba Mama abadilishe nywila zote na kunifutia ruhusa ya kuingia. Akafuta. Hata nikitaka kukutii leo, siwezi.

Nikamuuliza vidole vyake vilijifunza wapi kasi ile. Akaniambia alikuwa mpiga chapa hodari kuliko wote ofisini kwao, hadi wiki mliyooana, ulipomwambia aache kazi, naye akaacha. Miaka ishirini na minane hamkunisimulia! Ukitaka kompyuta zizimwe, kamwombe yeye. Amenituma nikuandikie kwamba safari hii haachi.

Wasalimie wenzako wa kambini, na usibebe vitu vizito. Tunakungoja kwa hamu, mimi na yeye.

Ni mimi bintiyo,
mwenye kichwa kigumu uliyemlea mwenyewe.