Mwalimu Anaeli Amepiga Viola Ujerumani

Leipzig,
Jumapili jioni

Mae wangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje, hasa sasa ambapo baridi imeanza kushuka kutoka mlimani? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Dada aliniambia kwamba mvua zimewahi Masama na migomba imesimama vizuri, nikashukuru. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma masikio, lakini leo sina la kulalamika. Ningekupigia simu, ila habari hii naituma kwa simu ya dada ili uisome polepole, kisha umsomee baba.

Mama, Mwalimu Anaeli amepiga viola, ile fidla yake kubwa ya sauti nzito. Amepiga mbele ya watu, kwa mkono uleule.

Unajua tulivyokata tamaa masika ile alipoteleza kwenye mfereji akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Daktari alimwambia vidole havitakandamiza nyuzi tena. Mtu aliyepiga kwenye okestra za Ulaya ujanani, akaacha yote ili aje kumuuguza mama yake, halafu akabaki kufundisha watoto wetu usharikani! Niliposikia nililia. Yeye aliendelea kufundisha kwa kuimba. Mtoto akikosea, anamwimbia noti mpaka aipate.

Sasa kiongozi wa okestra yetu hapa ni mzee, na siku moja aliniuliza nani alinifundisha kushika upinde vile. Nilipotaja jina, aliweka kikombe chini.

"Anaeli wa Kilimanjaro? Yuko hai?"

Kumbe walikaa okestra moja wakiwa vijana. Basi ndiye aliyemwalika aje awafundishe wanafunzi wa chuo cha muziki cha hapa kwa wiki moja.

Nilimpokea akiwa na sanduku la nguo na viola yake mgongoni, amevaa koti la marehemu mumewe. Nikamuuliza viola ya nini. Akasema, "Mwanangu, wewe unasafiri bila miwani yako?" Nikambebea sanduku.

Ile wiki ilikuwa tamu. Aliwafundisha kwa Kijerumani chake cha zamani kilichochanganyika na Kiswahili, na akikasirika, Kichagga. Msichana mmoja alilalamika kwamba viola haisikiki, watu wanasikia fidla tu. Mwalimu akamwambia, "Umewahi kula mtori usio na nyama? Hakuna anayeisifu nyama, wote wanasifu mtori. Iondoe uone." Ilibidi nieleze kwamba mtori ni supu yetu ya ndizi na nyama, lakini walielewa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya onyesho la wanafunzi. Walipomaliza, yule mzee akasimama, akawaambia watu kwamba Mwalimu yupo, na wangependa kumsikia. Mimi niliingiwa na hofu. Nilimwinamia sikioni: "Mwalimu, si lazima. Nitawaambia mkono unauma."

"Mkono unauma kweli," alisema. "Nishikie mkoba."

Akapanda jukwaani. Mama, kidole chake cha mwisho hakikunjiki kabisa, kimesimama kama msumari. Lakini kumbe miaka yote hii, watoto wakishaondoka, alikuwa anajifunza upya kupiga kwa vidole vitatu. Hakumwambia hata mmoja wetu. Alipiga ule wimbo wa kubembeleza mtoto ambao bibi alikuwa akituimbia jikoni, taratibu, sauti nzito iliyoujaza ukumbi mpaka kwenye viti vya nyuma. Katikati alikosa noti moja. Hakukunja uso, aliirudia, akaipata, akaendelea. Hapo ndipo nilipoacha kuogopa.

Alipoinua upinde, watu walisimama wote. Yule mzee alikuwa anafuta macho kwa leso. Mwalimu akaniangalia kule chini. "Mbona umekaa? Njoo, wimbo una sauti mbili." Nikapanda, mama, na mkoba wake bado begani! Nikaazima viola ya mwanafunzi mmoja, tukapiga pamoja, na watu hawakutaka tushuke.

Kesho yake wakuu wa chuo walimwomba abaki awe mwalimu wao. Alishukuru, akakataa. Alisema kila Jumamosi ana watoto Masama, na tena kuna mwanafunzi wake wa zamani aliyeanzisha darasa la muziki Sanya Juu, naye anamhitaji. Wakaahidi kumtumia nyuzi na viola ndogo za watoto, na kuwapokea wanafunzi wake watakaokuwa tayari. Hilo alilikubali haraka sana.

Kwenye uwanja wa ndege, jioni hiyohiyo, aliniuliza swali moja tu: "Na wewe, unamfundisha nani?"

Nikasema sina mwanafunzi, kazi ni nyingi. Hakunigombeza. Alinishika shavu, akaenda zake.

Anapitia kwanza kwa rafiki zake wa zamani wa okestra, kisha anatua uwanja wa KIA Alhamisi. Nakuomba baba awaambie vijana wa tarumbeta wa usharika wakamlaki, na wewe umpikie kiburu cha ndizi na maharage, amekitamani mno.

Wasalimie sana baba, dada na shemeji, na shangazi wa Old Moshi. Mwambie sweta lake nalivaa kila siku. Mdogo wangu asome, aache simu.

Nafunga hapa kwa furaha, maana leo mchana, baada ya ibada, amekuja mwanafunzi wangu wa kwanza, binti wa mama tunayeishi naye ghorofa moja. Amekwaruza nyuzi mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamwambia aendelee.

Aika, mae, asante sana.

Binti yako akupendaye,
Ndeshi