Mngurumo wa Kompyuta ya Kaka

Shoga, nimetoka kwa fundi nalia njia nzima.

Si unajua nilitaka kuhariri video kwenye kompyuta ya marehemu kaka? Fundi kasema kadi mpya ya picha, ile ya kuipa kasi ya video, itaingia, ila inapochomekwa ni pa kizamani, itakosa nguvu. Bora tubadilishe mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, na feni inayonguruma. Nikakubali.

Mama, aliyenisindikiza tu, akauliza, "Itaendelea kunguruma?"

Fundi akajisifu, "Mama, hutaisikia kabisa!"

Weee! Mama akaikumbatia kompyuta palepale mezani.

Kumbe huiwasha kila jioni, aisikie kupitia ukuta kama vile kaka yupo chumbani.

HUTAISIKIA KABISA, shoga!

Nimeirudisha nyumbani ilivyo. Inanguruma. Mama kaniambia nifunge mlango taratibu, nisimkatize kaka kazi.