Popo Thelathini na Maboga Kumi na Mawili

Jumapili, 12 Oktoba 1969

Popo wanane leo. Wawili nimewatupa, masikio hayakulingana. Karatasi nyeusi ni ngumu na mkasi wa Mama umeanza kunichubua kidole. Nimefunga kitambaa, naendelea.

Niiandike kazi yenyewe vizuri mara moja. Missis Perrin ni mke wa Mwingereza anayefanya kazi na Baba forodhani. Anasomesha watoto saba wa Kizungu sebuleni kwake, hapa hapa Matrah, Omani, kila asubuhi. Tarehe 31 atawafanyia karamu. Siku hiyo kwao inaitwa Halowini. Watoto huvaa vya kutisha, kisha wakala peremende. Anataka mapambo ya karatasi: popo thelathini, maboga kumi na mawili yenye macho na meno, kofia saba ndefu za wachawi, na mifupa ya mtu mmoja mzima, iungwe kwa uzi icheze. Karatasi ameagiza Bahrain. Aliona maua niliyokata kwa maulidi ya jirani, akaniuliza kama naweza. Nikasema naweza. Nilikuwa sijapata kukata popo.

Akasema kazi ikimpendeza, nitakaa mezani na wale watoto siku tatu kwa wiki, nisome nao.

Hapa hakuna skuli ya wasichana. Mama alikuwa mwalimu Unguja. Tangu tulipokuja amenisomesha mwenyewe, na mwaka huu aliniambia alichonacho kimekwisha. Alisema akiwa amenipa mgongo. Nina miaka kumi na minne. Naitaka ile meza.

Jumanne, 14 Oktoba

Popo kumi na watatu.

Bibi, mama yake Baba, alikuja kukaa nami na sinia lake la tambuu, majani ya kutafuna na chokaa yake. Akaitazama karatasi ya michoro ya Missis. Akauliza kofia ni za nani. Nikamwambia za wachawi.

"Mchawi gani huyo avae kofia ili ajulikane?"

Akauliza maboga. Nikamweleza kwamba wao hulitoboa boga macho, wakatia mshumaa ndani.

"Hawalipiki?"

"Sijui, Bibi."

"Boga zima, ndo nnaona leo. Wenzio wangelitia nazi."

Amecheka peke yake mpaka Alasiri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baba amesema leo. Kwake karatasi ni karatasi tu, haoni dhambi. Asilolipenda ni mimi kuingia na kutoka katika nyumba ya Wazungu, na watu wanaona. Amekubali kwa sababu ya mume wa Missis, ambaye ni mtu mwema kazini. Lakini nikichelewa, au kazi ikiwa mbaya, itakuwa yeye ndiye aliyeaibika, na hapo sitakwenda tena. Na mambo ya meza yatakuwa yamekwisha.

Amesema kwa upole. Ningependa angefoka. Analolisema Baba kwa upole halibadiliki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Popo thelathini wamekwisha. Kofia mbili zimesimama.

Boga la kwanza. Karatasi ya maboga ni laini, ina mikunjo, rangi yake kama chungwa lililoiva sana. Nakata vipande kumi na sita, vyembamba nchani, vipana katikati, nashona ncha za juu pamoja, na za chini pamoja, kisha navuta uzi. Linavimba. Nilifurahi sana lilipovimba. Macho na meno nabandika kwa gundi ya unga wa ngano.

Macho niliyachora marefu, yenye kope, kama yaliyotiwa wanja. Mdomo unacheka kidogo. Bibi alilisifu sana, akasema ni biarusi. Ndipo nikajua nimekosea. Nimeyabandua, nimekata macho ya pembe tatu. Sasa linatisha. Bibi amelisusia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mifupa. Katika mchoro wa Missis mbavu ni nane kila upande. Mama akasema mtu ana kumi na mbili. Nimekata kumi na mbili. Sikujua kama nifuate mchoro au nifuate kweli. Nimefuata kweli.

Nilipoitundika mlangoni ikacheza miguu kwa upepo. Bibi alikuwa akitoka kutia udhu. Hakupiga ukelele. Alisimama, akasema taratibu, "Zuwena, mwenyewe anajua kama mumemchukua?"

Kisha akaamuru iondoke chumbani. Iko stoo, nyuma ya gunia la mchele.

Jumatano, 29 Oktoba

Yote yamekwisha, siku mbili kabla. Maboga kumi na mawili, kofia saba, popo thelathini. Nimepanga ndani ya kapu kubwa, maboga juu yasibondeke, nikafunika kanga. Mama ameyakagua moja moja kama anayesahihisha madaftari. Amerudisha boga moja tu, jino lilikuwa limelegea.

Alisema, "Safi." Hasemi hivyo mara nyingi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Naandika baada ya Magharibi. Mikono yangu ni ya manjano mpaka kwenye vifundo.

Asubuhi nilifunua kapu. Harufu ya udi na marashi ya waridi ikanijia kabla sijaona kitu. Halafu nikaona. Maboga yote yamelala, yamegandana. Rangi imetoka, imechuruzika kwenye kofia zilizokuwa chini na kuzilegeza. Chini ya kapu maji ya rangi ya chungwa. Popo waliokuwa chini kabisa wamekunjamana.

Jana baada ya Isha Bibi alilichukua kapu, akalifukiza udi, akalisomea, akanyunyiza marashi chupa nusu. Kila kitu kinachotoka nyumba hii kwenda kwa watu hufukizwa na hutiwa marashi. Nguo, sinia la halua, hata barua. Na hivi vilikuwa na macho na vinakwenda karamuni, basi akaona vizidishiwe. Nilijua kuwa hufanya hivyo. Sikufikiri kumwambia kwamba karatasi hii hutoka rangi. Kosa ni letu wawili.

Nilimkasirikia sana. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitoka chumbani, nikaenda kulia stoo, mbele ya mifupa. Hiyo peke yake ndiyo iliyosalimika.

Mama akanifuata. Hakunibembeleza. Akaniuliza nini kimebaki. Nikahesabu: karatasi nyeusi yatosha kofia. Popo wakilazwa chini ya godoro watanyooka. Ya chungwa hakuna hata kipande. Tukavaa, tukaenda sokoni. Karatasi za tiara zipo, nyekundu na kijani. Ya chungwa haipo dukani kwa Banyani wala kwa mwengine yeyote. Banyani akatupa bure furushi la karatasi nyeupe zilizofungiwa vikombe.

Tuliporudi Bibi alikuwa amekaa jikoni na bakuli la manjano ya kupikia, ameyakoroga na maji. Akatia kipande cha karatasi. Kikawa njano ya wali wa biriani, si ya boga. Akakitazama. Kisha akavuta sinia lake la tambuu, akachota chokaa kwa ncha ya kidole, akaitia bakulini. Rangi ikageuka mbele ya macho yangu. Akaongeza kidogo, ikawa nyekundu kama damu. Akamwaga, akaanza upya, chokaa kidogo zaidi. Ikatoka boga.

Hakusema samahani. Alisema, "Lete hizo karatasi, jua linakwenda."

Mama akapaka, Bibi akaanika kwenye paa la sakafu, akaweka kijiwe kila pembe. Mimi nikakata na kushona. Karatasi hii haina mikunjo, inachanika, ikabidi nishone mishono mikubwa. Baba alirudi kutoka kazini akatukuta watatu tumekaa chini, njano watupu. Akatazama. Akauliza chakula kiko wapi. Mama akamwambia leo ni mkate na samaki wa jana. Akala.

Kumi na mawili yametimia, na kofia zilizolegea nimezikata upya. Si mazuri kama yale ya mwanzo. Hasira zimeniisha. Nilimpelekea Bibi maji ya kunawa mikono, akanipa shavu nimbusu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimepeleka asubuhi, mapema. Missis Perrin alitoa kimoja kimoja. Alipenda popo. Alipenda mifupa zaidi, aliichezesha mwenyewe. Aliposhika boga akanusa, akaniuliza karatasi yake imekwenda wapi. Nikamweleza yote kwa Kiingereza. Marashi kwa Kiingereza sikuyajua, nikasema maji ya maua. Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akasema haya yana rangi nzuri zaidi. Sidhani.

Akaniweka mpaka karamu, nisaidie kutundika. Watoto walivaa kofia, wakakimbia kuizunguka meza. Ile meza. Ni ndefu, imepakwa vanishi, ina madoa ya wino upande mmoja.

Wakati wa kuondoka akanishukuru sana. Akaniuliza kama Desemba naweza kumkatia nyota na malaika kwa sikukuu yao. Nikasema naweza. Akanipa keki kwenye sahani. Akafunga mlango.

Hakutaja kusoma. Nilisubiri. Niliuona mlango ukifungwa na bado nasubiri.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikuuliza. Ndilo linaloniuma. Mdomo ninao, Kiingereza ninacho, sikuuliza.

Baba amerudi na salamu za mume wa Missis. Amesifiwa binti yake mbele ya watu. "Umenitoa kimasomaso, mwanangu. Basi, tumemaliza salama." Amefurahi kweli. Kwake imekwisha.

Mama alikuwa akishona. Akauliza Missis alisemaje hasa, ile siku ya kwanza, neno kwa neno. Nikamwambia. Akakata uzi kwa meno.

Jumapili, 2 Novemba

Mama amevaa buibui lake la kutokea. Alimwambia Baba kwamba tunakwenda kwa Missis Perrin. Alimwambia, hakumuuliza. Baba alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini, akasema, "Akipewa, awe anarudi kabla ya Adhuhuri." Nilidhani sikusikia sawa.

Njiani midomo ya Mama ilikuwa ikienda. Alikuwa anajizoeza.

Missis alitukaribisha ndani. Mama hakukaa. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno limepigwa pasi: kwamba yeye alikuwa mwalimu, kwamba anajua shughuli za karamu humsahaulisha mtu, na kwamba binti yake aliahidiwa kiti. Sijapata kumsikia akisema Kiingereza na mtu mzima.

Missis akawa mwekundu. Akasema ni kweli, alisahau, na ameona haya. Akamvutia Mama kiti. Hapo ndipo Mama akakaa.

Missis amesema nianze Jumatano.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda. Nimekaa upande wenye madoa ya wino, karibu na msichana wa miaka kumi na miwili anayekula kucha. Popo wawili bado wako ukutani.

Imla nilipata yote. Jiografia nilijua kiasi. Hesabu zilikuwa za herufi mahali pa tarakimu, sijapata kuziona. Kumi. Nimepata mbili. Msichana alipata tisa, akaificha karatasi yake kwa mkono nisione, nadhani kwa kunihurumia.

Nimerudi kabla ya Adhuhuri.

Baada ya kula Mama ameomba daftari. Amezisoma zile nane nilizokosa, moja baada ya moja. Amesema hata yeye hazijui. Amesogeza mkeka penye mwanga, akaketi, akaniomba penseli.