Kitabu cha Babu Lugembe

Mpendwa Bi Zamda wa gazetini, nisaidie kabla ya Jumamosi,

Mimi ni msichana wa kidato cha sita, naishi kwa shangazi hapa Ipuli, na baada ya majuma matatu nitafanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, basi babu yangu Lugembe, mfugaji wa Bukene, aliposikia mwaka jana kwamba nautaka udaktari alibeba debe zima la asali hadi stesheni akampa bwana mmoja aliyekuwa akihama, naye akampa kitabu kinene cha Kiingereza chenye picha za mapafu na matumbo, na kwa kuwa babu hajui kusoma akaamini ni cha udaktari, kumbe ni cha magonjwa ya ng'ombe, nami nilipomwona anavyokipangusa vumbi kwa shuka lake nikashindwa kusema, nikamshukuru. Sasa kila nikienda likizo hutaka nimsomee jioni kwa Kiswahili, wazee wenzake wa kijiji cha ujamaa wakisikiliza, na kila palipoandikwa ng'ombe mimi nasoma "mgonjwa". Mara ya mwisho aliniuliza, "Mke wangu, na huyo mgonjwa kwato zake zinakuwaje?" Nikadhani ni utani wake tu.

Mwalimu Bertila ameniazima kitabu cha baiolojia kinachofaa, kwa likizo hii tu, inayoanza Jumamosi. Nikienda nacho Bukene babu ataumia, nisipokwenda atasema nimemtupa, na mimi nampenda kuliko mtu yeyote. Nifanyeje?

Leonia, Ipuli

Leonia binti yangu, nimecheka hadi miwani ikadondoka, kisha nikakukasirikia. Mtu aliyechunga miaka hamsini unamsomea homa ya ng'ombe ukidhani hataitambua? Alipouliza kwato alikuwa amekwisha jua. Amenyamaza asije akakuaibisha mbele ya wazee. Mnapendana hadi mnadanganyana, na mtihani hauwasubiri.

Jumamosi panda gari moshi na vitabu vyote viwili. Ukishamwamkia, mwambie ukweli mkiwa wawili tu, wala usimtume mtu akusemee. Halafu mpe kazi: akichinjwa mbuzi akupasulie moyo na figo, akuonyeshe mshipa upi unaingia wapi, kitabu cha mwalimu kikiwa wazi pembeni yako. Mchana soma peke yako, na babu ndiye awazuie wageni. Cha mwalimu kirudishe siku uliyoahidi, cha asali usimpe mtu.

Jioni wazee wakikusanyika, wasomee kile cha babu. Safari hii, palipoandikwa ng'ombe, soma ng'ombe.